Nimetoka maabara ya sauti Marekani, nimerudi Mwanza: nishike lipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisoma Marekani shahada ya kwanza ya uhandisi wa tiba, na kwa miaka miwili nilikuwa mtafiti mwanafunzi kwenye maabara ya chuo inayochunguza sauti na usemi. Nilikuwa narekodi watu, nafunga vihisi shingoni, halafu nakaa kwenye kompyuta kukata na kupima sauti. Sasa nipo nyumbani, Igoma. Jina langu limo kwenye orodha ya watafiti wanafunzi wa zamani wa maabara ile, lakini kila ninapopeleka maombi ya kazi naulizwa, "Hii ndiyo kazi gani?" Niombe litolewe, maana halinisaidii? Niandikeje kwenye wasifu? Rekodi ninazo bado kwenye diski yangu, naweza kuanza nazo utafiti hapa? Kuna wanaonishauri nifungue kituo cha tiba ya usemi kwa watoto, kwa kuwa wataalamu ni wachache. Mwisho, mama anauza dagaa Mwaloni na sauti imemkauka, sasa ni mwezi wa pili. Nikimrekodi naweza kujua ana nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mama umemweka mwisho, mimi namweka mwanzo. Usimrekodi. Mpeleke akaonwe na daktari wa masikio, pua na koo, na iwe wiki hii. Sauti ikikauka ikapitisha wiki tatu au nne bila kurudi, daktari wa koo habahatishi. Anapitisha kamera nyembamba puani, au anaweka kioo nyuma ya ulimi, anaziangalia nyuzi za sauti kwa macho yake. Njia ya kioo si ngeni: mwalimu wa uimbaji Manuel García aliitumia kuangalia koo lake mwenyewe mwaka 1854. Kwa Kanda ya Ziwa, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa. Kama mama ana bima, anzeni kituo cha karibu mpewe karatasi ya rufaa msije mkarudishwa mlangoni.

Najua kinachokushawishi. Una programu, una masikio yaliyofundishwa, na ukimwambia mama aseme "aaa" kwa sekunde tano utapata namba. Lakini namba hizo zitakuambia kwamba nyuzi zake hazitetemi kwa utaratibu, jambo ambalo jirani yake wa genge analijua tayari kwa kumsikia tu. Hazitakuambia kwa nini. Vinundu vya mtu anayeita wateja tangu alfajiri, asidi inayopanda kutoka tumboni, kifua kikuu kilichofika kooni na saratani, vyote vinaweza kukupa michoro inayofanana. Tena kuna jambo ambalo wahandisi wengi hawafundishwi. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti wa kushoto hauendi kooni moja kwa moja. Unashuka hadi kifuani, unapita chini ya aota, mshipa mkuu wa damu, ndipo unapanda tena shingoni. Kwa hiyo ugonjwa wa kifua unaweza kujitangaza kwa sauti kabla kifua chenyewe hakijalalamika. Kipaza sauti hakioni hayo. Akiwa anapungua uzito, anameza kwa shida, ana uvimbe shingoni au anatema damu, hata hiyo wiki usiingoje.

Jibu la kituo cha watoto limo humohumo. Wewe umefundishwa kupima. Kutibu ni fani nyingine, na anayeisomea anasoma kigugumizi, kiharusi, mdomo sungura, usonji na namna ya kumlisha mtoto asipaliwe, kisha anafanya kazi na wagonjwa chini ya msimamizi kwa muda mrefu kabla ya kuachiwa peke yake. Fikiria mzazi wa Buhongwa anayekuletea mtoto wa miaka mitatu asiyesema. Swali la kwanza ni kama anasikia, na hilo linataka kipimo cha usikivu. Wewe ungeanza na nini? Ungemfundisha kutamka "ba". Mtoto kama hasikii, utakuwa umemla mzazi ada ya miezi sita, na mtoto umempotezea miezi hiyohiyo katika umri ambao lugha ndipo inapojengeka. Uhaba wa wataalamu ni wa kweli, naukubali, lakini haumpi mtu leseni.

Ukiona moyo wako uko kwa wagonjwa, kasome. Si lazima urudi Marekani: Chuo Kikuu cha Makerere, ng'ambo ya ziwa hilihili, kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi hizi zetu. Na ukija kuwa mtaalamu wa tiba ya usemi anayejua kusoma spektrogramu, ile michoro ya sauti, na kutengeneza kihisi, utakuwa mtu adimu kwelikweli. Fedha na miaka unavijua wewe. Mimi nakwambia tu kwamba mlango upo.

Sasa wasifu. Nadhani umeandika jina refu la maabara, jina la mradi, na chini yake "mtafiti mwanafunzi". Msomaji wa Mwanza haoni kitu hapo. Hata ofisa utumishi aliyesoma hajui maabara ya sauti hufanya nini, na hana sababu ya kujua. Mwandikie ulichofanya kwa mikono. "Nilirekodi sauti za watu wazima kwa utaratibu uliopitishwa na kamati ya maadili." "Nilikagua na kurekebisha mipaka ya sauti kwenye Praat (programu ya kuchambua sauti), kazi yangu ikalinganishwa na ya mwenzangu." "Niliandika programu fupi ya kuchambua mafaili mengi kwa pamoja." "Nilipima na kusawazisha kipaza sauti kabla ya kila zamu." Mistari ya namna hiyo inasomeka na meneja wa takwimu, fundi mkuu wa vifaa tiba, hata shirika lisilohusika na sauti kabisa. Kama ulilinganishwa na mwenzako mkapata kiwango cha kukubaliana, kiandike hichohicho kilivyokuwa, usikipambe. Mtu anayejua kazi atakuuliza.

Kuhusu makala za kisayansi kuwa mkweli, maana hapo ndipo wahitimu wengi hujichongea. Majarida ya tiba hufuata masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida hayo: kuitwa mwandishi wa makala unatakiwa uwe umechangia kwa uzito ubunifu wa utafiti au upatikanaji na uchambuzi wa data, uwe umeshiriki kuandika au kuhakiki maandishi, umeidhinisha toleo la mwisho, na unakubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Vyote vinne kwa pamoja. Aliyekata sauti tu kwa saa nyingi hutajwa kwenye shukrani, na kutajwa huko si dharau. Andika kwamba umetajwa na makala ni ipi. Majarida mengi siku hizi pia huonyesha nani alifanya nini kwa mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, kwa hiyo mtu akitaka kuhakikisha ulichodai, dakika mbili zinamtosha. Fungua pia namba ya ORCID, utambulisho wa mtafiti mtandaoni, kama huna. Ni bure, ina tarakimu 16, na inakufuata hata ukiolewa ukabadili jina au anwani ya barua pepe ya chuo ikafa. Anwani hiyo itakufa, usiitegemee.

Haya, diski. Hapa sitazunguka: rekodi zile si zako. Watu wale walitia saini ridhaa kwa ajili ya utafiti fulani, chini ya kamati fulani, zitunzwe mahali fulani. Hakuna aliyeridhia sauti yake ikae Igoma kwenye diski ya mtu aliyeshamaliza chuo. Usiseme nimefuta majina. Sauti ya mtu inamtaja. Mwandikie msimamizi wako leo, mwambie unazo nakala, umuulize uzifute au uzirudishe kwa njia gani, na barua yake ya kukujibu uihifadhi. Ataudhika kidogo, kisha atakushukuru, kwa sababu taarifa hiyo anaihitaji kuliko wewe.

Hata hapa kwetu ungekwama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume yake. Utafiti wa afya unataka kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo inayosimamia hilo kitaifa. Kibali cha kufanya utafiti kwa jumla ni eneo la COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mtu binafsi asiye na taasisi hapiti huko kirahisi. Njia fupi ni kujishikiza: mtafute mhadhiri wa chuo cha afya cha pale Bugando, CUHAS, au mtu wa isimu katika chuo kikuu cha SAUT pale Nyegezi, umpelekee wazo la ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja, nimesema.

Wazo gani? Ningekuwa na miaka yako na mikono yako ningekwenda palepale anapouzia mama. Mwanamke mzima huzungumza kwa wastani wa mitetemo kama 200 kwa sekunde, mwanamume kati ya 100 na 130. Chukua muuzaji au mwalimu wa kike ambaye sauti yake, ukijumlisha vipande vyote vya siku, imetoka kwa saa moja kamili. Hizo ni mara 720,000 nyuzi zake zimegongana, na zina urefu wa sentimeta moja na ushee tu. Ongeza pikipiki, jenereta na wauzaji wengine wanaopaza sauti, naye analazimika kupaza zaidi, na kila mgongano unakuwa mkali zaidi. Walimu wamechunguzwa sana duniani na inajulikana kwamba hupata matatizo ya sauti kuliko watu wa kazi nyingine nyingi. Wauzaji wa samaki sioni wakizungumzwa hivyo.

Na wewe unakijua kifaa kinachofaa: kihisi cha mtetemo cha shingoni, kile mlichokuwa mkikigandisha chini ya koo. Uzuri wake mkubwa kwa mahali kama Mwaloni ni kwamba kinahesabu mtetemo wa ngozi wala hakinasi maneno. Bei alizotaja mama, deni la mteja, umbea wa boti, havimo. Kamati ya maadili italipenda hilo, na wauzaji wenyewe watalipenda zaidi.

Ukirekodi kwa kipaza sauti, kuna mambo ya hapa ambayo maabara ile haikukufundisha kwa sababu haikuyahitaji. La kwanza ni umeme. Marekani umeme wao unazunguka mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Kama umerudi na programu yenu ya kuondoa mvumo, imewekewa 60 na vizidishi vyake, na hapa itauacha karibu mvumo wote. Mvumo wetu uko kwenye 50, 100, 150. Hiyo 100 imekaa mlangoni kwa sauti nzito ya mwanamume. Mzee wa Kirumba akiongea kwa 105, programu inaweza kukuandikia 100 tambarare mstari mzima, na wewe ukashangilia kwamba sauti yake imetulia ajabu. Umepima TANESCO. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, taa ya mrija izimwe, feni nayo. Kisha rekodi sekunde kumi za chumba kitupu kila unapoanza, ili uone kwenye mchoro kilichokuwamo kabla ya mtu kufungua mdomo.

Chumba chenyewe usikitafutie fahari. Chumba cha ndani chenye dari, godoro limesimamishwa ukutani, vitenge viwili vitatu kwenye madirisha, kinatosha. Bati tupu lisilo na dari ni balaa: mvua ikianza, funga kazi. Kipaza sauti cha kuvaa kichwani kikae sentimeta 4 hadi 10 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isikipige. Hifadhi kwa faili za WAV, zisizobanwa. Sauti iliyotumwa kwa WhatsApp imekwisha kubanwa na simu nyingi husafisha kelele zenyewe bila kukuuliza. Kwa kusikiliza ni nzuri, kwa kupima mtikisiko wa nyuzi haifai hata kidogo. Nasisitiza kwa sababu utashawishika, wauzaji wakishakuzoea watakuwa wanakutumia.

La pili ni lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo ulipo utajiri wako. Kiswahili kina irabu tano, Kisukuma kina saba. Anayezungumza Kisukuma nyumbani hutenganisha sauti mbili mahali ambapo sisi tuna "i" moja, na mbili tena mahali pa "u". Zinatofautiana hasa kwenye fomanti ya kwanza, yaani mwangwi wa chini kabisa wa koo na kinywa. Ukimrekodi mama wa Magu nusu saa akichanganya lugha, kama tunavyochanganya sote, halafu ukatoa wastani wa "i" zote, utapata namba isiyo ya lugha yoyote. Andika kila neno ni la lugha gani kabla ya kupima. Toni nayo: Kisukuma kinatofautisha maneno kwa toni, na toni ya juu haikai kwenye silabi inayoimiliki, husogea mbele, aghalabu silabi mbili. Mtu asiyejua hilo ataona sauti inapanda mahali pasipo na sababu, ataandika kwamba mzungumzaji ana msisimko. Wewe umekulia Igoma. Utajua.

Kisha zile "b" na "d" zetu. Kwenye Kiswahili cha wengi, "b" ya "baba" hutolewa kwa kuvuta hewa ndani kidogo, na mtetemo wa nyuzi huanza kabla midomo haijaachana na huongezeka hadi inapoachana. Programu za kukata sauti zilizofundishwa kwa Kiingereza zimezoea mtetemo uanze midomo ikiachana au baadaye kidogo. Ukiziachia zikukatie, zitaweka mpaka wa neno ndani ya neno, zikiudhani mtetemo wa mwanzo ni kelele. Kwenye "mbwa" na "ndizi" ni vurugu zaidi. Kagua kwa mkono angalau sehemu. Rekebisha pia mipaka ya programu kulingana na mtu: waandishi wa Praat, Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, hushauri kutafuta fomanti hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 5,000 kwa mwanamume mzima na 5,500 kwa mwanamke, na kwa mtoto mdogo juu zaidi. Nimeona michoro mingi ya watoto iliyopimwa kwa mpaka wa baba zao. Haifai hata kuibishania.

Ujuzi huu hapa una soko, ila halijaandikwa "sauti" mlangoni. Wenzako wa maabara za namna ile kwa kawaida hutawanyika: wengine udaktari, wengine tiba ya usemi, wengine vifaa vya usikivu, wengine kampuni za teknolojia ya lugha. Kwa Mwanza naona milango mitatu, na haina uzito sawa. Wa kwanza ni utafiti wa afya: NIMR ina kituo hapa mjini, na MITU, kitengo cha majaribio ya tiba kinachoshirikiana nayo. Mtu anayejua ridhaa, ulinganifu wa wapimaji na usafi wa data anafundishika kazi yao haraka, hata kama hatagusa sauti tena. Hapo ndipo ningeanza. Wa pili ni vifaa tiba hospitalini. Shahada yako ya nje ipeleke kwanza TCU, tume ya vyuo vikuu, itambuliwe, maana bila karatasi hiyo maombi ya ajira za serikali yatakwama, na itachukua muda, kwa hiyo anza sasa. Wa tatu ni kompyuta zinazosikia Kiswahili. Common Voice ya Mozilla inakusanya sauti za Kiswahili kwa hiari, na mtandao wa watafiti wa Masakhane unafanya kazi kwa lugha za Afrika. Huko hakuna mshahara wa kesho asubuhi. Lakini jina lako litaonekana likifanya kazi, na anayetafuta mtu wa kupima sauti za Kanda ya Ziwa atakukuta.

Umeniuliza pia, kwa kupitia tu, kama uombe jina lako litolewe kwenye orodha ya wanafunzi wa zamani kwa kuwa halikusaidii. Liache. Ila katika barua hiyohiyo ya diski, muombe msimamizi mambo mawili zaidi. Kwanza, barua ya utambulisho inayotaja vifaa ulivyotumia kwa majina na kazi ulizokabidhiwa peke yako. Mwandikie wewe rasimu, kwa sababu akiandika mwenyewe atasema ulikuwa na bidii na ukarimu, na bidii kila mtu anayo. Pili, muulize kama anaweza kukuazima vihisi viwili vya shingoni vya zamani. Maabara hizo zikinunua vipya, vya zamani hukaa kwenye droo. Itume kabla muhula wao haujaanza mwishoni mwa Agosti. Wanafunzi wapya wakishaingia, barua yako itasomwa Desemba.